Mwenge Juu ya Pipa

Bukavu, Kadutu, tarehe 12 Agosti 1974

Dada yangu mpendwa Godelive,

Leo ni siku ya kumi na sita tangu niolewe, na bado kila nikiamka ninamtazama Venant kabla ya kufanya ishara ya msalaba. Mungu atanisamehe. Analala kama mtoto, mkono mmoja chini ya shavu, na mimi ninabaki hapo kama mjinga, ninafurahi kwamba anapumua.

Watu wa Kadutu bado wanaongea juu ya arusi yetu, lakini wanaongea zaidi juu ya tai ya shingoni ya mjomba, tonton Adalbert. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Vijana wa Chama kinachotawala walimkuta ameivaa, na unajua vazi hilo la wazungu limekatazwa, wakaivuta mpaka uso wake ukawa mweusi kama makaa, wakampiga makofi, kisha wakamlazimisha aitafune. Tonton alitafuna. Sisi tulicheka, maana ukiogopa sana unacheka. Ndipo Venant wangu akasimama na chupa ya bia mkononi, akawaambia taratibu: «Iko arusi yangu. Hii chupa ikivunjika, haitavunjikia chini.» Waliondoka. Nilimpenda upya, mbele ya watu wote.

Mama mkwe Eulalie amenipa sheria ya kwao: bibi arusi havuki mlango wa uzio mpaka miezi mitatu iishe. Najua Mudaka si mbali, na lori, ile kamiyo ya Polycarpe, inafika kwenu kila siku mbili, lakini utaniona kwa karatasi tu. Juu ya bahasha andika Nsimire, kwa sababu kwenye vizuizi vya njia wanasoma bahasha, na majina ya ubatizo yamekatazwa. Ndani niite Georgette kama zamani.

Venant bado anatunza ghala, magazini ya lile shamba la kahawa ambalo mzungu wake aliondoka mwaka jana. Kazini hana mchezo. Juma lililopita alimpiga mfanyakazi kwa mpini wa sepetu, meno mawili yakatoka, kwa sababu alitaka kuiba pipa tupu akapikie pombe ya ndizi, kasiksi. Niliuliza kwa nini ukali wote huo kwa kitu kitupu. Alinibusu kwenye paji la uso, akasema mambo ya magazini hayaingii chumbani. Hata hilo nililipenda.

Sasa furahi: ameleta mapipa mawili nyumbani, mapacha kabisa, ya kukingia maji ya mvua. Moja letu, moja la shule yako.

Ni mimi mdogo wako mwenye furaha,
Georgette


Mudaka, tarehe 17 Agosti 1974

Mudogo wangu,

Barua yako nimemsomea Maman Agathe hapa jikoni kwake, nikaruka mahali pa usingizi wa Venant. Aligundua kwamba nimeruka, akacheka mpaka kiazi kikamponyoka. Anakusalimu. Anasema katika mabibi arusi wote aliowapaka siagi kwa desturi yetu hajapata mwenye magoti magumu kama yako, na mikono yake bado inauma kwa kazi hiyo.

Hilo pipa ulete kweli. Watoto wangu wanakunywa kwenye kijito, na juu ya kijito ng'ombe za mkubwa wetu wa kijiji, kapita Bisimwa, wanakojoa. Mwaka jana nilizika wawili kwa kuhara damu. Nilimwendea kapita, nikamwambia kwamba mtoto ana haki ya maji safi na mahali safi pa kukaa, kabla hatujamfundisha kuimbia mtu ye yote. Alinishika sikio mbele ya darasa langu, akalivuta kama la mwanafunzi mpaka likapasuka, akauliza kama baba zao walikufa kwa maji hayo. Nilirudi darasani damu ikinidondokea begani. Tuliendelea na kuzidisha kwa saba.

Tarehe mbili Septemba shule inafunguliwa na wakubwa wa mkoa wanakuja. Pipa likiwa limesimama chini ya bati siku hiyo, kapita hataweza kuliondoa. Baada ya siku hiyo, sijui.

Maman Agathe atauza viazi vitamu wakati wa mapumziko kama kawaida yake. Kuuza ni neno tu. Mjane huyu anawapa bure wadogo wote wasio na kitu.

Dada yako,
Godelive


Bukavu, tarehe 30 Agosti 1974

Dada yangu mpendwa,

Nilisoma juu ya sikio lako, nikalia, kisha nikatafuta la kufanya. Pipa hili hapa, juu ya kamiyo ya Polycarpe. Litazame vizuri. Nililipaka mwenyewe rangi ya kijani, mara mbili, kwa sababu chini kulikuwa na picha mbaya ya wazungu iliyokataa kufichika. Juu yake nikachora mwenge wa Chama, mkono na moto wake, kama kwenye bendera. Nani atavuta sikio la mwalimu anayesimama karibu na mwenge?

Usiwe na wasiwasi juu ya usafi. Venant alilichoma kwa moto wa majani makavu mara tatu, kabla ya kuondoka Jumatatu kwenda Bunyakiri kununua kahawa. Mume wangu hafanyi kazi nusu.

Nyumba bila yeye ni kubwa kama kanisa. Nimelala na shati lake. Nilipomaliza kuchora, mikono ilinitetemeka jioni nzima na macho yakawa na ukungu, nikamwambia mama mkwe kwamba hayo ni mapenzi. Alisema wanawake wa siku hizi wana magonjwa mapya.

Waambie watoto wanywe kwa afya yetu.

Georgette wa Venant


Mudaka, tarehe 4 Septemba 1974

Georgette,

Watoto watatu wamekufa. Mugisho, Ntakwinja na Cikuru, wote wa darasa la kwanza.

Jumatatu wakubwa walikuja na gari mbili. Madarasa makubwa yalisimama juani kuimba na kucheza mbele yao, na wadogo tukawaacha kivulini. Maman Agathe aliwagawia viazi, kila mmoja chake, kwa sababu ya sherehe. Wakanywa maji ya pipa, yale ya mvua ya Jumapili usiku. Mugisho alianza. Mate yalimtoka mengi kama mtu anayenyolewa kwa sabuni, kisha akaanguka, na kisogo chake kikapiga chini, kikapiga, kikapiga, na nilipomshika alinitupa mimi mtu mzima. Wenzake kumi wakafuata. Wimbo haukukatika upesi. Wale wa mbele walidhani ni watoto wanaocheza. Nilimfia Ntakwinja mikononi, yaani yeye alikufa, lakini sijui niandike namna gani. Magari ya wakubwa yaliondoka kabla ya saa sita.

Muuguzi wa dispensari alitazama povu, akasema neno moja: sumu. Ulikulia hapa, unajua neno hilo linageuka nini midomoni mwa watu. Karuho, sumu ya wachawi. Na anayetoa karuho ni yule aliyewapa chakula.

Walimtoa Maman Agathe jikoni kwake kwa nywele. Mama ya Mugisho alimwekea mikono juu ya jiwe la kusagia, na baba ya Cikuru akavunja vidole kwa mchi, kimoja kimoja, akisema hivi ndivyo vinapika. Nilijitupa katikati, wakanikanyaga. Nyumba yake imechomwa. Yeye amefungwa kwenye nguzo ya zizi la mbuzi kwa kapita.

Mimi niko kwa masista. Shule imefungwa mpaka Jumatatu ya tarehe kumi na sita. Pipa lako tu ndilo halijaguswa. Kapita ameweka kijana wa Chama alilinde, maana liko na mwenge na maji yake ni zawadi ya sherehe.

Andika kwa kapita, wewe na Venant, watu wa mji wanasikilizwa. Semeni mnamjua huyu mama. Fanyeni upesi.

Godelive


Bukavu, tarehe 6 Septemba 1974

Dada yangu,

Barua yako imefika. Ninamwombea Maman Agathe. Venant bado hajarudi, kwa hiyo barua kwa kapita itangoja kidogo, jina langu peke yangu halina uzito.

Nilitaka kukuambia pia: lile pipa, mwaga maji yake. Lipindue kabisa. Nimekumbuka kwamba lilikuwa na kutu chini, na kutu si nzuri kwa tumbo la mtoto. Usiseme ni mimi niliyekuambia.

Hapa pia mvua imeanza. Nimemshonea Venant mto.

Georgette


Mudaka, tarehe 9 Septemba 1974

Georgette,

Nilikwenda kulipindua. Kijana mlinzi alinipiga kwa kitako cha fimbo mdomoni, ninaandika nikiwa na jino moja ndani ya leso. Alisema anayemwaga maji ya mwenge amemwaga Chama.

Sasa sikiliza kilichotokea jana baada ya misa.

Walimleta Maman Agathe uwanjani kwa shule, vidole vyake vimevimba kama ndizi. Kapita alikuwa na sahani ya viazi vilevile vya Jumatatu, vilivyobaki kwenye kikapu chake na kuanza kuota ukungu. Alimwambia: «Kula viazi byako. Kama hauna karuho, utaenda kwako.» Hakuweza kushika. Alikula kama mbuzi, uso ndani ya sahani, kila kipande, na watu wakingoja. Nilihesabu moyoni mpaka mia tano. Hakuwa na kitu. Kulikuwa na mama mmoja aliyeanza kulia kwa haya, na nikafikiri yamekwisha.

Ndipo akasema ana kiu.

Walimchotea kwenye pipa. Alikunywa kikombe chote, akaomba kingine. Alinitazama, akajaribu kunitania, akasema, «Mwalimu, maji yako iko na rangi.» Kisha mate yakaanza.

Walipiga kelele kwamba karuho imemrudia mwenyewe. Hawakungoja afe. Walikuwa na majembe. Nilimtambua baadaye kwa kitambaa tu.

Niliona, mudogo wangu. Viazi havikumfanya kitu. Na wewe siku mbili kabla ulikuwa umeniambia nipindue. Kutu haitoi povu. Jumatatu ijayo watoto mia na arobaini wanarudi, na kapita anataka kila mmoja anywe hapo, kuonyesha kwamba uchawi umekwisha.

Unajua nini?

Godelive


Bukavu, tarehe 11 Septemba 1974

Dada yangu,

Venant anakuletea barua hii kwa mkono wake. Atafika Jumamosi, watu wote wakiwa kwenye salongo, kazi ya lazima ya kusafisha shule. Ninataka isomwe mbele yao.

Nilisema uongo. Venant hakulichoma pipa. Alipoondoka aliniambia nisiyaguse yote mawili mpaka arudi, kwamba yalikuwa na dawa ya kuua wadudu wa kahawa na lazima kwanza yachomwe. Lakini tarehe mbili ilikuwa karibu, na mimi nilikuwa na sikio lako moyoni. Niliona moto ni ukaidi wa wanaume. Nikaosha kwa majivu na sabuni mara nne. Mikono yangu haikutetemeka kwa mapenzi. Na ile picha mbaya ilikuwa kichwa cha mfu juu ya mifupa miwili. Niliificha kwa sababu niliona itatisha watoto.

Uliponiandikia juu ya Mugisho, nilijua kabla ya kumaliza ukurasa. Nikakuandikia kutu. Kama ningeandika neno moja la kweli siku ile, Maman Agathe asingeomba maji, au ungemzuia. Nilifikiri: nina siku arobaini tu na mume, wasininyang'anye.

Alirudi jana. Nilimwambia akiwa bado na mzigo begani. Alinipiga kofi, la kwanza tangu tujuane, kisha mkono uleule akaupiga ukutani mpaka ngozi ya vidole ikabaki kwenye tofali, na mimi nikamshikilia kwa nyuma, damu yake ikaingia kwenye gauni langu. Alikuwa akisema juu ya yule mfanyakazi aliyemtoa meno mawili. Alisema: «Nilimupiga, sikumwambia juu ya nini. Ningemwambia tu. Ningeambia watu bote.» Anasema mapipa mengine yalikwisha kuingia majumbani mwa watu kabla ya haya, na kwamba hata moto labda usingetosha, ni desturi tu ya magazini. Pipa letu pacha amelipasua kwa shoka na kulifukia.

Ninataka kuja naye. Mama mkwe ameweka kiti chake mlangoni.

Mimi Georgette ndiye niliyelipaka.


Mudaka, tarehe 15 Septemba 1974

Mudogo wangu,

Venant yuko hai. Soma hiyo kwanza, halafu kaa chini.

Alifika watu wamejaa uwanjani na majembe na panga. Alisalimu wazee vizuri, akavua kofia, akaenda moja kwa moja kwenye pipa, akatoa kisu akaanza kukwangua mwenge. Kwa muda hakuna aliyeelewa. Kisha vijana wa Chama wakamwangukia. Walimpiga mgongoni kwa mipini, naye akaendelea kukwangua. Mkono wa kuume ulivunjika, nilisikia, akahamishia kisu mkono wa kushoto. Rangi yako ilitoka kama ngozi. Kichwa cha mfu kilipotokea, meno yote nje, hata waliokuwa wakipiga wakabaki na mipini juu.

Akasema akiwa magotini: «Ni dawa ya kahawa. Ni miye njo nililipaka. Ule mama hakufanya kitu.»

Mama ya Mugisho alikaa chini palepale kwenye matope. Lakini kapita ni mwepesi. Alisema basi huyu wa mji ndiye aliyempa Agathe karuho, wameipika pamoja. Na watu, Georgette, walilipokea neno hilo kwa mikono miwili. Waliomwua Agathe walihitaji abaki muchawi. Wakaanza upya kwa Venant. Jicho lake la kushoto halipo tena. Askari jandarme walimtoa chini ya miguu yao, wakamtupa kwenye kamiyo ya Polycarpe, amelazwa huko Bukavu akiwa na askari kando ya kitanda.

Kabla hawajaanza upya kumpiga alikuwa amenipa bahasha. Aliniambia niichome. Alisema amekwisha kusema ni yeye, iishie kwake, wewe bado ni bibi arusi.

Leo asubuhi, nikienda misa, nimekuta njiani mapipa saba yamelazwa, yametolewa majumbani bila maneno, na lile la shule limepinduliwa. Wanaamini kwa mikono. Kwa mdomo bado ni Agathe. Wamemzika nyuma ya zizi, bila msalaba.

Barua yako ninayo. Nikiichoma, yeye atabaki muchawi na Venant atabaki mwuaji, na watoto wangu watajifunza kwamba kinachoua ni viazi vya mjane. Nikiisoma, watakuja kwako. Mimi ni dada yako, siwezi kuchagua hili. Niambie.

Godelive


Bukavu, tarehe 17 Septemba 1974

Dada yangu mpendwa,

Usiichome.

Jana nilivuka mlango. Mama mkwe alinishika kitenge, kikapasuka, nikaendelea na kipande kilichobaki mpaka hospitali. Askari alinisukuma mara mbili kwa bunduki, mara ya tatu alichoka. Uso wa Venant sikuutambua. Niliutambua mkono, uliokuwa chini ya shavu. Bado ni mzuri kuliko wanaume wote wa Kivu, na nilimwambia hivyo. Aliuliza kama Godelive ameichoma. Nilikuwa nimejiandaa kusema ndiyo, ili alale. Nikasema hapana. Alinitazama kwa jicho lililobaki, akaniomba nimshike mkono, si ule uliovunjika.

Ninakuja Jumamosi, siku ya salongo, wakiwa wote uwanjani na majembe yao. Polycarpe anakataa kunibeba, anasema hataki kubeba maiti wakati wa kurudi. Nitatembea. Ijumaa usiku nitachemsha viazi vitamu, nitakula kimoja, vingine vitakuwa kwenye kikapu. Nitakaa mahali alipokuwa anakaa Maman Agathe wakati wa mapumziko, na nitawapa watakaokubali kupokea.

Usianze kusoma barua ile kabla sijakaa. Ukianza, soma polepole, kama unavyosomea darasa la kwanza, maana ndugu za wale waliokufa watakuwepo. Wakinyanyuka, usijitupe katikati. Umalize ukurasa.

Bahasha hii imepita kwenye vizuizi vyote vya njia. Tazama juu yake nilivyoandika, kwa herufi kubwa, sawasawa na hapa ndani:

Nsimire Georgette, mke wa Venant